Wa kununiwa yuko Riyadh

Watu wakija hapa kwetu Kisauni wakimuona huyu binti wa dadangu maneno ni yale yale, mashallah mtoto kakomaa, mamake akienda hata hakulia. Na kweli hakulia. Ana miaka 16, alfajiri ashaamka, yunifomu ya ndugake ishapigwa pasi, nyanya ashatiliwa chai, na yeye mwenyewe yuko steji anangoja matatu. Mimi huyo ndo namuogopea zaidi, kuliko ndugake wa miaka 14 ambaye mtaa mzima wajua ana kisirani.

Dada yuko Saudia, mkataba wa miaka miwili, kazi za nyumba, na hilo sina haja ya kulieleza sana, karibu kila nyumba mtaa huu ina mtu wake huko Arabuni. Nataka kusema hawa wakubwa wakubwa wanaobaki, manake wadogo tunawabeba, tunawapa katuni kwa simu, wanalala. Huyu aliyevunja ungo na huyu aliyeota ndevu mbili utawabeba vipi?

Umri huu kawaida mtoto ndo anayemuacha mzazi. Anaondoka kidogo kidogo, anabamiza mlango, anajibu vibaya, anakaa maskani mpaka isha, kisha arudi kuangalia kama sahani yake imefunikwa. Anafanya hivyo kwa sababu ajua kuna mtu kakaa pale pale hatoki. Sasa mzazi akitangulia yeye kuondoka, mtoto abaki na hasira zake zote na hana pa kuzipeleka. Mamake hawezi kumkasirikia, karo yatoka kwake, viatu vyatoka kwake, na kila akigeuka aambiwa "mamako anateseka huko kwa ajili yenu". Hilo neno nimelipiga marufuku humu ndani, hata nyanya nimemwambia (kwa adabu lakini, nataka radhi zangu). Umfunge mtoto mdomo hivyo halafu uulize mbona hasemi?

Kuna daktari mmoja Muingereza, John Bowlby, yeye na mwenzake James Robertson, miaka ya 50 huko waliandika sana kuhusu watoto waliolazwa hospitali bila mama zao, manake wakati huo wazazi walikuwa hawaruhusiwi kukaa nao. Waliona kwanza mtoto analia anapigana, kisha anakata tamaa ananyamaza, halafu anachangamka, anakula, anacheza, manesi wanafurahi ati kashazoea. Mama akija kumuona, mtoto hana habari naye. Wale walikuwa wadogo sana, si wa sekondari, lakini hiyo hatua ya mwisho ndo nikimtazama binti yetu inanikosesha usingizi. Kila mwisho wa mwezi pesa za mamake zikiingia, tumbo lamuuma. Kapimwa, haonekani na kitu. Juzi nikamwambia leo vyombo viwache kalale, akasimama pale na sufuria mkononi, akaniuliza "nisipoosha nifanye nini khalati?" Wallahi nilikosa la kumjibu.

Ndugake yeye simu za mamake hapokei. Riyadh na hapa saa ni moja lakini dada kazi anamaliza usiku mno, kwa hivyo anatuma voisi za WhatsApp ndefu ndefu, umekula, mtihani vipi, ukienda Pirates usiogelee mbali. Kijana hajibu hata moja. Ila usiku namsikia chini ya shuka, anasikiza, anarudisha, anasikiza tena. Na ile maiki ya voisi ikishasikizwa yageuka buluu, dada kule kule aliko anaiona, ananiandikia neno moja tu: kasikiza. Miezi na miezi mawasiliano yao yalikuwa hayo.

Mimi nikamwambia dada wacha kuuliza umekula, nani halali na njaa hapa? Kuwa mama, muulize mambo ya kugombana, simu anazima saa ngapi, anatembea na nani. Na usimwambie narudi mwezi ujao kama hujui. (Na ikiwa wako amefika pa kusema hataki kuishi, au hali wala halali, hapo usingoje ushauri wa khalati, pigeni 116, ni ya bure na ni ya watoto hapa Kenya.)

Basi wiki iliyopita kijana kanyoa mtindo gani sijui, pembeni upara, katikati kichaka, dada kaona picha, katuma voisi ya ukali. Akajibiwa! Ati wewe wajua nini, wewe hauko, ungekuwa hapa ungeona wote wananyoa hivi, na sauti ikamkatika katikati. Dada akanipigia analia huku anacheka, anasema nimetukanwa na mwanangu. Tangu siku hiyo wamenuniana kikwelikweli, na sasa anataka nimlazimishe kijana aombe msamaha. Nimekataa, wamalizane wenyewe. Binti naye kaisikiza ile voisi ya ndugake, akaniuliza kama na yeye anaruhusiwa kumjibu mama vile. Nimemwambia aanze na mimi kwanza, na vyombo vya leo anaosha huyo mwenye kichaka.