Swali la Kwanza Stapleton Road

Bristol, Oktoba

Jumamosi saa nne asubuhi Stapleton Road huwa imeshachangamka: wauza nyama halali, vinyozi, mabasi ya kwenda katikati ya jiji. Ni mahali pazuri pa kukusanya sauti za wapita njia kwa kipindi cha redio cha Mwezi wa Historia ya Watu Weusi, unaoadhimishwa Uingereza kila Oktoba tangu 1987. Lakini swali moja baya linatosha kuharibu kazi ya siku nzima.

Swali lenyewe ni hili: "Unajua nini kuhusu historia ya watu Weusi?" Mtu akiulizwa hivyo anasikia mtihani. Anarudi hatua moja nyuma, anatupa jina la Martin Luther King, anaondoka. Ukimuuliza "Nani wa kwanza katika ukoo wenu kufika Bristol, na alifanya kazi gani?" anasimama. Mmoja ataanza na bibi aliyetoka Jamaika miaka ya 1950. Msomali wa duka la jirani ataanza na Mogadishu na vita. Yote mawili ni historia ya watu Weusi wa jiji hili, na mhojaji asimlazimishe wa pili aingie kwenye simulizi ya wa kwanza.

Neno "kazi" katika swali hilo nalipenda sana, kwa sababu linafungua mlango wa 1963. Kampuni ya mabasi ya Bristol ilikuwa haiajiri weusi wala Waasia kuwa madereva na makondakta. Guy Bailey, kijana wa miaka 18, alifutiwa usaili ilipojulikana kwamba ametoka Jamaika. Wanaharakati Roy Hackett, Owen Henry na wenzao, pamoja na Paul Stephenson, wakatangaza mwishoni mwa Aprili kwamba watu wasusie mabasi. Tarehe 28 Agosti kampuni ikasalimu amri. Mnamo Septemba Raghbir Singh, Kalasinga, akawa kondakta wa kwanza asiye mzungu.

Wengi huchanganya hapa na mgomo wa mabasi wa Montgomery, Marekani, wa 1955, wakasema weusi wa Bristol walikatazwa viti vya mbele. Hapana, nauli yao ilipokelewa; walichonyimwa ni ajira. Usimsahihishe mtu kwa kumkatisha. Mwache amalize, kisha uliza kwa upole, "Hiyo ilikuwa hapa au Marekani?" Mara nyingi atajirekebisha mwenyewe, na hicho ndicho kipande cha kurusha. Asipojirekebisha, mtangazaji aweke ukweli kwenye utangulizi, au kipande kiachwe.

Vifaa ni vichache. Maikrofoni ya mkononi inayopokea sauti pande zote huvumilia upepo na mtikisiko wa mkono kuliko ile inayolenga upande mmoja. Ivishe sponji. Ishike shubiri moja kutoka mdomoni, chini kidogo ya kidevu, wala usimpe mtu aishike: ukiiachia, umeachia na mazungumzo. Zungusha kebo mara moja kidoleni isigonge. Vilele vya sauti vifike desibeli -12 hivi. Ukipandisha zaidi, kicheko kimoja kitapasuka na hakuna programu itakayokirudisha vizuri. Vaa hedifoni kila wakati, hata ukiona aibu. Duka likiwa na muziki, sogea mbali nalo, maana ukikata maneno wakati wa kuhariri, wimbo nao unaruka na msikilizaji anagundua mkasi. Badala ya kuitikia "mhm", tikisa kichwa. Akinyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi tatu kabla ya kuongeza swali. Jibu la pili ndilo lenye nyama.

Kwa dakika moja na nusu hewani, pata watu 12. Watabaki 6, kila mmoja sekunde 15. Kabla ya kuondoka, simama palepale urekodi dakika moja ya sauti ya mtaa peke yake, ya kuzibia pale utakapokata maneno wakati wa kuhariri.

Ridhaa inarekodiwa: jina, ndiyo, na mada ikitajwa. Aliye chini ya miaka 16, mpaka mzazi au mlezi akubali. Mwambie kila mtu siku na saa ya kipindi. Bristol ina redio ya jamii iitwayo Ujima, 98 FM. Sisi neno hilo tulilisoma darasani kama hatua ya jamii kabla ya utumwa na ukabaila. Katika Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi iliyoanzishwa 1966, ujima ni nguzo ya tatu, kufanya kazi pamoja na kubebeana matatizo. Kumchukulia mtu sauti yake bila kumwambia ataisikia wapi ni kinyume cha jina hilo.

Itatokea mzee, akisikia habari za mgomo wa 1963, aseme, "Nilikuwepo." Hapo zima kinasa sauti. Hayo si ya kando ya barabara. Chukua namba yake, omba kwenda kwake wiki hiyohiyo, wala usingoje Oktoba nyingine: Hackett alifariki 2022, Stephenson 2024, na aliyekuwa na miaka 18 wakati ule sasa ana zaidi ya 80. Mkikaa jikoni, omba ruhusa ya kuzima friji, maana mvumo wake utafunika sauti ya chini. Funguo zako ziweke ndani ya friji hiyo, usije ukaondoka bila kuiwasha.