Huyu Buda wa Seokguram alichongwa kwa jiwe gani jameni

Watu wa huku kwetu tunajua mawe. Anko yangu yuko Tabaka, Kisii, anachonga sopstoni tangu akiwa kijana, anakaa nje na panga dogo na patasi, analowesha jiwe maji, na kufikia jioni kiboko kishapata masikio. Lakini sopstoni ni laini, hata kucha inaacha alama. Sasa mimi nimekwama kwa picha za Buda wa Seokguram, pango la ibada kule Korea Kusini, na kitu inanimaliza ni kwamba huyo jamaa ni wa graniti. Graniti! Jiwe kama la Kit Mikayi hapa karibu na Kisumu, lile ukigonga ni nyundo inakurudia.

Kazi ilianza 751, wakati wa ufalme wa Silla, chini ya mkubwa mmoja wa serikali anaitwa Kim Daeseong, juu ya mlima Toham pale Gyeongju. Na wakisema pango usidhani ni pango lililoumbwa na Mungu, hapana, walikata graniti, wakapanga jiwe kwa jiwe mpaka wakapata chumba cha duara chenye paa la kuba, ndio wakafunika na udongo. Karne ya 8 hiyo, wueh.

Buda mwenyewe ana kama mita 3.5, ameketi miguu imekunjwa, vidole vya mkono wa kulia vinaelekea chini, yaani anaita ardhi imshuhudie ile siku alipata mwanga. Zoom hapo begani kushoto. Nguo imelala kwa mwili kama shati iliyonyeshewa, mikunjo ni mistari midogo tu haijachimbwa sana, na bega la kulia liko wazi, laini, huoni patasi ilipita wapi. Nilimtumia anko hiyo picha kwa WhatsApp akanijibu na voice note moja tu: "Na hapo kwa kope, ikiruka kipande utarudisha na nini?"

Watu husifu uso. Sawa, uso ni mzuri, lakini mimi nasema ujanja wote uko kwa lile duara la nuru. Sanamu nyingi za Buda duara limeshikana na kichwa, hapa walilitoa wakaliweka kwa ukuta wa nyuma, mbali kidogo, halafu petali za yungiyungi zilizochongwa kwa hilo duara, za juu wakazifanya kubwa kuliko za chini, ndio wewe ukisimama mbele uangalie juu uzione zimelingana na kichwa kimekaa katikati. Huyo fundi alikuwa anachonga akifikiria macho yako wewe unayekuja kuomba!

Kuharibu nako hakukukosa. Wajapani walipotawala Korea walilibomoa hilo pango wakalijenga upya, 1913 hadi 1915, wakaweka simiti, na unyevu ukaanza kusumbua mawe. Ndio maana leo unamwangalia kupitia kioo.

Na hicho kioo ndicho kinaniudhi, kwa sababu nyuma kabisa ya Buda, kwa ukuta, kuna Gwaneum, mtakatifu wa huruma kwa Wabuda, wa nyuso 11, mwembamba, amejaa mapambo mpaka miguuni, na kwangu mimi ndiye kazi safi kuliko zote humo ndani. Ukisimama kwa kioo huwezi kumwona, mgongo wa Buda umemziba. Bora umtafute kwa picha.