Breki Bado Mbichi

Jumapili, jioni

Leo nimeshuka mlima wa Riat, hapa Kisumu, kwa baiskeli, na breki hazikulia hata mara moja. Nilipofika Mamboleo nilisimama kando ya barabara kidogo. Sikuwa nimechoka, ni furaha tu.

Wiki mbili zilizopita mteremko huohuo ulinitia hofu. Nilikuwa nimefunga diski mpya, zile sahani za chuma kwenye magurudumu, ya mbele milimita 180, ya nyuma 160, na pedi mpya, vile vipande vinavyozibana, nikaenda nazo moja kwa moja mlimani. Zililia kama mbuzi anayeburutwa sokoni, hadi waliokuwa wakingoja matatu wakageuka. Lakini kelele si kitu. Nilibana kwa nguvu zangu zote na baiskeli ikazidi kuteremka. Nilipofanikiwa kuisimamisha, niliikokota hadi chini.

Fundi wangu wa Kibuye, mzee aliyezeeka akitengeneza baiskeli za Black Mamba za bodaboda, alizitazama akasema, "Mwalimu, hizi bado mbichi. Umezipeleka mlimani kabla hazijajuana."

Kabla hazijajuana! Ndivyo ilivyo hasa. Pedi ikipata joto huacha utando mwembamba wa kitu chake chenyewe juu ya diski, na utando huo ndio pedi inaoushika vizuri. Utando usipokuwepo, breki haina nguvu. Ukikaa kwa mabaka, breki inatetemeka, na mtetemo huo ndio yowe tunalosikia.

Nami nilikuwa nimezishika diski kwa vidole vilivyotoka kwenye mnyororo. Pedi hunywa mafuta. Yakizama sana, dawa ni kuzitupa. Zangu ziliponea chupuchupu. Tulifuta diski kwa alkoholi safi na kitambaa kipya, tukasugua pedi kwa msasa hadi mng'aro ukaisha. Kisha fundi akalegeza bolti mbili za kalipa, kile kifaa kinachobeba pedi, nikabana breki, akazikaza nikiwa bado nimebana, ili pedi zikae sawa pande zote.

Kesho yake alfajiri nilienda barabara ya Dunga, penye tambarare. Kasi kama kilomita 20 kwa saa, bana sawasawa bila kushtua, hadi mwendo wa mtu anayetembea, halafu achia. Usifunge gurudumu, wala usisimame kabisa, maana breki ya moto ikisimama huacha alama ya pedi pale pale. Mara 20 mbele, mara 20 nyuma. Mara za kwanza sikuona tofauti yoyote, nikakaribia kukata tamaa. Kwenye ya 12 hivi nikahisi mkono wa breki unajibu, na kila mara baada ya hapo unajibu zaidi. Nikarudia mara 10 kwa kasi kubwa kidogo, nikaziacha zipoe huku jua likichomoza.

Mvua ikinyesha bado hulia kidogo, hadi maji yakauke. Hilo nimelikubali.

Alkoholi imebaki nusu chupa. Kesho nitampelekea mzee.