Kapu la kamba za dau

Juzi tulimtafuta Munira nyumba nzima. Uvunguni hayuko, darini hayuko, msalani hayuko, mpaka nguo chafu tukazichakura. Alikuwa amejikunja ndani ya lile kapu kubwa, amejifunika kanga zangu mbili, na kapu limesimama wima kama kawaida yake. Nilipomwambia atoke hakutaka. Alikuwa akipitisha kidole ukutani mwa kapu kwa ndani, raundi moja baada ya nyingine, akaniuliza: "Mama, kamba hii yaishia wapi?"

Nikamwambia akamuulize babu yake. Halafu nikakumbuka kuwa Baba akitajiwa kapu lile huanza kusimulia habari za bei ya samaki. Basi nieleze mimi.

Ilikuwa 2017, mwezi wa Shaaban, kusi imeshaanza kuvuma na bahari imechafuka. Dau la Baba lilikuwa limeuzwa. Sababu mnazijua: mgongo, umri, na kaka zangu ambao mmoja yuko Mombasa na mwingine alikuwa ameshajipatia boti ya mashine ya kuvusha watu kwenda Shela. Mnunuzi alitoka Kizingitini. Alichukua chombo, tanga, mlingoti na foromali (mti wa kushikilia tanga), lakini kamba alizikataa, akasema anazo zake mpya. Baba hakumbishia. Akazibeba mwenyewe kutoka ufukoni hadi nyumbani Langoni, mtaa wetu hapa Lamu, begani, mzigo baada ya mzigo. Punda wa kukodi walikuwapo, tena hawana kazi.

Zote akazirundika dakani, ule ukumbi mdogo wa mlangoni wenye baraza mbili.

Mama alivumilia kidogo, kisha akaanza. Ramadhani yaja, wageni watapita wapi? Kamba zanuka shombo, paka wa mtaa mzima wamehamia kwetu. Baba hakujibu. Siku zile hakuwa akijibu mengi. Alfajiri alitoka, akenda kukaa ufukoni na wenzake kama zamani, na adhuhuri akarudi mikono mitupu, akala, akalala. Hatukujua tumwambie nini, kwa hiyo tulizungumza habari za kamba.

Mimi wakati huo nilikuwa nimetekwa na kroshia. Nyumba ilishajaa vitambaa: vya makochi, vya meza, vya kufunikia redio, kimoja hata cha mtungi. Bibi, mamake Mama, hakuithamini kazi ile hata kidogo. Yeye ni mtu wa ukili. Kwake kapu ni la miyaa, majani ya kusukia: unachana, unasuka ukili, ule utepe mrefu, pima kwa pima, ndipo unaushona mzunguko kwa mzunguko hadi upate kapu au jamanda. Kufuma kwa ndoano moja aliita mchezo wa watoto wa shule. Nami nilikuwa nimeona kwenye simu makapu makubwa ya kroshia yaliyofumwa kwa kamba nene, yamesimama peke yake bila fremu wala kadibodi, na nikawa sipati usingizi.

Nikamwendea Mama, sikumwendea Baba. Nikamwambia: nipe kamba zile, nami nitakufanyia kapu la kutia mito, mashuka na mapazia yote ya sikukuu. Mama akasema chukua, chukua hata sasa hivi.

Kamba ya chombo haifumiki ilivyo. Ni nene mno, na imesokotwa kwa nyuzi tatu zilizobanana. Nilizifumua moja moja, nikapata uzi wa milimita nane hivi, uliojipinda kwa sababu ya miaka ya kukaa na wenzake. Nikaziloweka kwenye maji baridi usiku kucha zitoe chumvi. Asubuhi maji yalikuwa ya rangi ya chai, na chini kumetuama mchanga na vipande vya magamba ya samaki. Nikazivuta uani kati ya boriti mbili, nikazining'iniza mawe, zikanyooka kiasi chake. Sindano kubwa kuliko zote dukani ilipinda kwenye tundu la pili. Ndipo binamu yangu, ambaye ni fundi wa kunakshi milango, akanichongea nyingine kwa kipande cha mbambakofi kilichobaki kazini: unene wa kidole gumba, ndoano yake imelainishwa kwa msasa mpaka yateleza.

Kwa wale wanaoniuliza namna ya kuanza, ni hivi. Unaanza na duara la singo sita, yaani mishono mifupi sita. Raundi ya pili kila tundu unalitia mara mbili, zinakuwa kumi na mbili. Kisha kumi na nane, kisha ishirini na nne, yaani kila raundi unaongeza sita na kuzitawanya. Ukiongeza nyingi kitako kinafanya mawimbi, ukiongeza chache kinajikunja kuwa bakuli kabla ya wakati wake. Kitako kikishatosha unafuma raundi moja kwa kuchukua uzi wa nyuma tu wa kila tundu, na hapo kingo inavunjika vizuri, ukuta unaanza kupanda. Baada ya hapo huongezi tena. Na sindano iwe nyembamba kuliko kamba inavyotaka. Vidole vitalia, lakini hicho ndicho kinacholisimamisha kapu. Kapu lililofumwa kwa ulegevu likitiwa mito linakaa chini.

Nilifumia dakani, kwenye baraza ya kushoto, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi ya kuburura kamba. Siku ya kwanza Baba aliporudi alinikuta nimeshaifumua henza yote, kamba ya kupandishia tanga. Alisimama. Akaitazama henza, akanitazama mimi, akaingia ndani. Nikamsikia akiomba maji ya kunywa kwa Mama, basi. Kesho yake hakulala mchana. Alikuja kuketi baraza ya pili, mkabala nami, na kikombe chake cha kahawa, akawa anatazama bila kusema neno.

Niliogopa kuinua uso. Nilifuma tu. Singo, singo, singo. Kamba ile ilikuwa inatoa mlio kila ikipita kwenye tundu, mlio wa kukwaruza, na nadhani yeye alikuwa akiujua mlio huo kwa namna nisiyoijua mimi.

Kitako kiliisha, ukuta ukapanda kiganja kimoja, na uzi wa henza ukaisha. Nikachukua uzi mwingine kwenye rundo, nikaziweka ncha mbili pamoja, nikaanza kufunga.

"Hapo watia fundo?"

Nikasema ndiyo, Baba, kisha nitalificha kwa ndani.

"Kwa kamba ya dau?"

Nitalitetea fundo langu mpaka leo. Vitabu vya kroshia na video zote wanafunga, au wanayeyusha ncha kwa kibiriti na kuzigandisha. Lakini hakungoja utetezi. Aliweka kikombe chini, akavuka daka hatua mbili, akaketi kando yangu na kunyoosha mkono. Nikampa zile ncha. Akazitazama, akatazama na ile sindano mkononi mwangu, akanyoosha mkono tena. Nikampa na sindano.

Baba ana vidole vifupi, vinene, na kile cha shahada hakikunjiki sawasawa tangu kilipobanwa na kamba mimi nikiwa mdogo. Aliifumua kila ncha kwa urefu wa shubiri, akaigawa mafungu matatu, akazikutanisha ncha mbili hizo uso kwa uso, fungu la huku katikati ya mafungu ya kule. Akabana pale zilipokutana kwa kidole gumba. Halafu akaanza kuchomeka: juu ya moja, chini ya moja. Kila alipotaka kupitisha fungu alitanua kamba kwa ncha ya nyuma ya sindano yangu, akasukuma, kisha akaigeuza sindano akavuta upande wa pili kwa ndoano. Mara ya kwanza alivuta kwa wasiwasi. Mara ya tatu aliitazama ile ndoano kama aliyetambulishwa kwa mtu ambaye alipaswa kumjua zamani.

"Hii ni demani," akasema, bila kuinua kichwa. Alikuwa akimaanisha ule uzi nilioutoa kwenye rundo, wa kamba ya kuongozea tanga. "Waona ilivyo laini hapa? Hapa ndipo unaposhika."

Nikapagusa. Kweli palikuwa laini.

"Na ile uliyoanzia ni henza. Amari ya nanga usiitie juu, ni ngumu. Itie katikati."

Nailoni yateleza, akasema, kwa hiyo yataka kuchomekwa zaidi ya kamba ya makumbi ya nazi. Makumbi mara tatu yatosha, yenyewe yaumana. Na hapo, huku akichomeka, akaanza kunieleza habari za mamake, bibi ambaye mimi sikumdiriki: alivyokuwa akifukia makumbi kwenye tope la pwani, yakikaa miezi mpaka yaoze sawasawa, kisha akiyaponda kwa rungu na kuyasokota pajani, kamba ikitoka ndefu hata watoto hutumwa kushika ncha na kurudi nyumanyuma hadi mwisho wa kichochoro. Wakati huo ukitaka kamba ya chombo uliwaendea wanawake. Hata mitepe ya zamani, iliyoshonwa mbao kwa mbao bila msumari, ilishikwa na makumbi.

Sijawahi kumsikia akizungumza maneno mengi hivyo kwa pamoja.

Ndipo watu wakaanza kutoka msikitini baada ya alasiri. Kichochoro chetu chembamba, mkipishana na punda mmoja lazima aingie dakani kwa mtu, kwa hiyo hakuna anayepita bila kuona. Wakaja wenzake watatu wa ufukoni, wenye vyombo bado. Salamu alaikum. Alaikum salamu. Nikaona mkono wa Baba ukishuka polepole, sindano ya kroshia ikaingia chini ya kikoi, na kapu likasukumwa upande wangu kwa goti. Waliuliza hali, wakauliza mgongo, mmoja akauliza kama kamba zile zauzwa. Baba akasema hapana, ni za mtoto, anachezea. Nusu ya sindano ilikuwa imetokeza pajani mwake muda wote huo, na yule mmoja aliitazama, akatabasamu, akaaga.

Walipokunja kona aliitoa, akaendelea pale pale alipoachia. Akachomeka mara ya mwisho, akaiweka ile kamba chini ya unyayo akaiviringisha mbele na nyuma mpaka kiungo kikalala. Akanipa. Nilipopitisha kidole sikuweza kujua henza yaishia wapi.

"Kamba ilikuwa kazi ya mamangu," akasema, "kabla haijawa yangu."

Ningependa kuwaambia kwamba maneno hayo aliwaambia wenzake. Aliniambia mimi, tena wao wameshakwenda zao kupunga upepo wa jioni.

Tuliendelea hivyo hadi kapu likaisha. Mimi nafuma, uzi ukikaribia mwisho namwita, "Njoo, Baba, umeisha," naye anakuja. Vishikio nilivifanya kwa kuruka matundu kadhaa na kupiga cheni, mnyororo wa uzi, juu yake, kisha raundi mbili za mwisho nikazifuma juu ya cheni hizo zipate nguvu. Alivijaribu kwa kuliinua kapu likiwa limejaa nazi. Bibi naye akaletewa alikague. Akalizungusha, akalipiga kofi kitakoni, akasema ni zito. Hiyo kwake ni sifa, au si sifa, hatujakubaliana.

Mama alipata pa kutia mito yake, akaosha daka, Ramadhani ikaingia. Agosti ya mwaka ule mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku nchi nzima, na ghafla kila mtu sokoni anatafuta kapu. Wakaniagiza madogo ya kubebea, nikayafanya kwa kamba za dukani. Hayo nayafunga mafundo kwa raha zangu, na hakuna aliyelalamika.

Mama husema Baba siku ile hakuwa na hisia yoyote, alikuwa tu hawezi kuvumilia kuona kamba inaharibiwa, angefanya vivyo hivyo hata kwa kamba ya jirani. Kaka yangu wa Shela asema alikuwa akiliaga dau. Mimi zamani nilikuwa upande wa kaka. Siku hizi namsikiliza Mama zaidi, maana ndiye aliyelala naye chumba kimoja miaka yote hii, ingawa namuuliza mbona basi akitajiwa kapu anakimbilia bei ya samaki, naye hunijibu kwamba bei ya samaki ni jambo la kuzungumzwa.

Lakini kuna hili. Kapu lilipokwisha niliitafuta sindano yangu ya mbambakofi nisiione. Nikatafuta uani, kwenye mito, nikamshuku mpaka binamu aliyeichonga. Wiki nyingi baadaye nilitumwa kumpelekea Baba chakula ufukoni, nikamkuta na wale wale watatu, kamba ya mtu imetandazwa mapajani, anawaunganishia. Ndoano ilikuwa imekatwa. Imebaki ncha moja iliyochongoka, imelowa mafuta, imefungwa kamba ya kuvalia shingoni, na yule aliyetabasamu siku ile alikuwa akimwomba amwazime.

Nikaweka sufuria chini, nikarudi kwa binamu kuagiza nyingine. Alinitoza mara hii.