Bukari ya Dola 18

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mgeni wangu, aliyefika kutoka Dar es Salaam kufuatilia mzigo wake, kula chakula cha mchana katika mgahawa uliofunguliwa miezi michache iliyopita katikati ya mji wa Lubumbashi, Kongo. Ni mahali pazuri, penye kiyoyozi na viti vya ngozi, na orodha ya vyakula imeandikwa kwa Kifaransa na Kichina. Tuliagiza bukari, ambayo ndiyo ugali wa huku, pamoja na sombe, yaani kisamvu, na samaki wa kukaanga. Sahani moja ilikuwa dola 18. Chupa mbili za maji zilikuwa dola 6, na juu ya yote ikaongezwa kodi ya asilimia 16, hivyo karatasi ya malipo ikasomeka dola 48 na senti 72. Nilitoa noti ya dola 50. Mhudumu aliigeuza mara mbili, akaiinua kwenye mwanga, kisha akanirudishia kwa adabu huku akinionyesha mpasuko wa ukingoni usiozidi punje ya mchele. Noti ya dola iliyochanika haipokelewi katika mji huu, hata ikiwa imechanika kidogo namna gani, na aliyeipokea bila kuikagua hukatwa thamani yake kwenye mshahara. Nililipa kwa simu, tukaondoka.

Msomaji aliyeko Tanzania anajua dola 18 ni sahani ngapi kwa mama lishe wa Buguruni, na anajua sahani hizo zingekuwa na nini ndani yake, kwa hiyo sitahesabu kwa niaba yake. Fedha haikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba chakula kile kile, kilichopikwa na mikono inayokijua zaidi, nilikila kwa miaka kumi katika komini, yaani manispaa, ya Kenya kwa faranga ambazo hazikufika dola 2, na mahali pale pamefungwa. Kenya ninayoitaja ni mojawapo ya komini saba za Lubumbashi, yenye soko kubwa ambalo watu huanza kumiminika alfajiri. Nyuma ya soko hilo palikuwa na malewa, yaani mgahawa wa mabenchi na mabati kama wa mama ntilie wetu, wenye masufuria matatu juu ya makala, yaani makaa, na mama mmoja ambaye sote tulimwita Mama tu.

Nilifika hapa mwaka 2014 pamoja na magari ya mizigo, kwa njia ya Tunduma, Ndola na mpaka wa Kasumbalesa, safari ya takriban kilomita 2,000 kutoka Dar es Salaam. Nilikuwa nimeahidiwa kazi ya uwakala wa forodha, lakini aliyeniajiri hakunilipa kwa majuma saba. Juma la pili nilisimama mbele ya masufuria ya Mama nikiuliza bei ya bukari tupu, bila mboga. Alinitazama, akanipakulia sahani kamili yenye sombe, maharagwe na kipande cha samaki, akasema, "Kula kwanza, baba, makuta utaleta kesho." Makuta ni jina la fedha kwa Kiswahili cha huku. Kesho hiyo ilichukua majuma matano. Kila siku alichora mstari mmoja katika daftari la shule la mwanawe, na siku niliyolipwa tulihesabu mistari pamoja, akafuta miwili akisema siku zile mboga haikuiva vizuri. Sikuwa Mkongomani, sikuwa jirani yake, na hakujua hata jina langu la pili. Tangu siku hiyo sijakubali mtu aniambie kwamba Lubumbashi ni mji wa watu wagumu.

Ninaeleza haya kwa sababu wengi mnaoniandikia mkiuliza kama kuna nafasi ya kufungua mgahawa huku mnatazama picha za majengo mapya na kudhani kwamba mji unanawiri kwa kila mtu. Migahawa inafunguliwa kweli, na kila nikipita mjini au kwenye mitaa ya Golf na Bel-Air naona bango jipya. Lakini mgahawa wa Lubumbashi huishi na kufa kwa mambo yanayoamuliwa mbali sana na jiko lake, na mambo hayo kwa mwenye mgahawa mdogo si yale yanayomgusa mwenye mgahawa mkubwa.

Kwa mdogo jambo hilo ni unga. Haut-Katanga ni mkoa wa shaba, na mahindi yanayolimwa humu hayatoshi kulisha mji huu, kwa hiyo sehemu kubwa ya unga hutoka Zambia. Mwaka 2024 Zambia ilipata ukame mbaya, hata Rais Hichilema akautangaza kuwa janga la taifa mwezi Februari, na ni wazi kwamba nchi inayotafuta mahindi ya kulisha watu wake haitaruhusu yavuke mpaka. Mama alinunua unga kwa mfuko wa kilo 25, na kila mfuko ulikuja na bei yake mpya. Hakuthubutu kupandisha bei ya sahani, kwa kuwa wateja wake walikuwa wasukuma mikokoteni na mafundi wa baiskeli wanaoingia na faranga zilizohesabiwa. Badala yake alipunguza tonge. Kisha akaanza kuchanganya unga wa muhogo zaidi ya kawaida yake, yeye aliyejivunia bukari ya mahindi meupe. Mwenye njaa hutambua tonge lililopungua kabla hajaligusa, na taratibu wale vijana wakaanza kununua mikate, ambayo huku ni maandazi madogo ya mafuta, na kunywea maji.

Mwezi Agosti mwaka huo huo likaja la mpaka. Serikali ya Kongo ilikuwa imezuia bia na vinywaji baridi kuingia kutoka Zambia ili kulinda viwanda vyake, madereva wakagoma, na Zambia ikafunga mipaka yake na Kongo kwa siku kadhaa. Siku kadhaa ni neno dogo kwa anayesoma habari. Kwa mtu ambaye faida yake ya leo ndiyo unga wake wa kesho, siku hizo ndizo mtaji wenyewe. Mama alikuwa akiuza soda za Zambia kwa sababu ndizo zilizokuwa nafuu, na soda ndizo zilizokuwa zikifidia hasara ya bukari. Kabla ya Krismasi masufuria hayakuwapo tena.

Mkubwa hateswi na unga, kwa kuwa anauza tonge kwa dola na anaweza kununua mifuko mia kwa wakati mmoja. Yeye huteswa na madini. Mwaka 2015, shaba ilipoanguka na kampuni ya Glencore ikasimamisha uchimbaji wake wa Kolwezi, niliona migahawa niliyoikuta imejaa wageni ikibaki na wahudumu wakipanga leso. Mwaka huo huo Katanga iligawanywa kuwa mikoa minne, Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba, na sehemu ya wateja wenye fedha ikahamia huko na kutokurudi. Mwanzoni mwa mwaka 2018 tani moja ya kobalti, madini ya kutengenezea betri yanayochimbwa huku pamoja na shaba, ilizidi dola 90,000, mji ukajaa migahawa ya Kihindi, ya Kilebanoni na ya Kichina, na mwaka uliofuata bei ikiwa imeshuka chini ya nusu, nikaanza kuona makufuli. Machi 2020 ikaja korona, na migahawa yote ikafungwa hadi Julai. Februari 2025 Serikali ikasimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi minne, ikaongeza mingine, na mwezi Oktoba ikaweka mgawo wa kiasi kinachoruhusiwa kuuzwa. Sisi wa forodha tuliona kazi ikipungua, na wale waliokuwa wakila mchana kwa gharama za kampuni wakaanza kubeba chakula kutoka nyumbani.

Mzee mmoja ninayefanya naye kazi, aliyezaliwa mji huu ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, huniambia kwamba haya si mageni. Anakumbuka maduka ya mikate na mikahawa ya Wagiriki na Waitaliano aliyopita mbele yake akiwa mtoto, na anakumbuka tangazo la Mobutu la tarehe 30 Novemba 1973, lililowapa raia biashara za wageni. Sahani na vikombe vilibaki vile vile, anasema, ila aliyejua kuagiza unga wa ngano hakuwapo. Sikuishi nyakati hizo na siwezi kuhukumu haki iliyokusudiwa, lakini nimejifunza kutoka kwake kutazama mgahawa kwanza kwa nyuma, upande wa stoo, kabla ya kutazama meza.

Hapa nawajibu wale wanaotaka kuja kupika. Biashara ndogo ndogo katika nchi hii imetengwa kisheria kwa ajili ya raia, nalo si jambo la kulipuuza kwa kuwa umemwona mgeni mwenzako akiuza bila kusumbuliwa. Ukiwa na mtaji wa kusajili kampuni, sajili, tunza kila karatasi, na uzoee kwamba maofisa wa usafi, wa kodi na wa utalii watafika kila mmoja kwa siku yake. Mwenye nyumba atakuomba garanti, yaani amana ya kodi, ya miezi mingi kabla ya kukukabidhi ufunguo. Umeme hukatika, kwa hiyo hesabu ya jenereta iwe katika bajeti ya mwezi wa kwanza, na makala hupanda bei mvua zinapoanza Novemba.

Mtanzania mwenzetu alifungua mgahawa wa pilau, chipsi mayai na chai ya maziwa karibu na maegesho ya malori. Alipika vizuri mno, na nilijisikia fahari kila nilipoona madereva wetu wakitabasamu mbele ya kachumbari. Lakini alitegemea watu wa barabarani pekee. Wenyeji walionja pilau, wakaisifu, kisha wakauliza bukari iko wapi, kwa maana mtu wa huku hajala mpaka ale bukari. Yeye alikataa kuisonga, akisema hakuvuka nchi mbili ili apike ugali. Foleni ilipoganda upande wa Zambia, meza zake zilikuwa tupu, na wenyeji hawakuwa na sababu ya kuingia. Alirudi Mbeya na vyombo vyake. Nilimpenda na bado nampenda, lakini naamini alikosea, na namwandikia hapa hadharani nilichomwambia ana kwa ana.

Wanaodumu, kwa macho yangu, ni wauza michopo. Jioni hutundika mbuzi, hukata nyama na kuichoma mbele yako, huikabidhi kwenye karatasi pamoja na kitunguu na pilipili, na mbuzi akiisha hufunga na kwenda kulala. Hawana stoo ya kuharibika wala jokofu la kulilia umeme, na mteja wao ni yeyote aliyepata faranga siku hiyo, awe mwalimu au mchimbaji. Kupanda na kushuka kwa kobalti huwafikia kwa kuchelewa. Ningekuwa na kijana wa kumfundisha biashara ya chakula katika mji huu, ningempeleka akasimame miezi mitatu kando ya moto ule kabla ya kumruhusu kukodi chumba chochote.

Jumapili, siku moja baada ya ile noti kukataliwa, nilikwenda Kenya peke yangu. Pale palipokuwa na mabenchi pamejengwa kibanda cha kuuzia vocha na kutuma fedha kwa simu. Kijana aliyekuwa ndani alinisalimia, "Jambo yenu, baba," akaniuliza nataka kutuma kiasi gani. Nilipomtaja Mama alisema hamjui, ila mwanamke muuza matembele aliyekuwa jirani aliinuka, akanishika mkono, akaniambia kwamba Mama alimfuata binti yake Kolwezi na kwamba anapika huko, karibu na lango la mgodi mmojawapo, asijue ni upi. Namba yake ya zamani haipatikani.

Watanzania mlioko Kolwezi, nawaomba msaada. Mkikaa mahali ambapo bukari inasongwa kwa unga wa mahindi peke yake, sombe ina karanga kidogo na mawese ya kutosha, na mwenye masufuria anaandika madeni kwa mistari katika daftari la shule, muulizeni kama aliwahi kupika nyuma ya soko la Kenya. Akikubali, mwambieni Mutanzania wa forodha anamtafuta, kisha nitumieni namba yake hata iwe usiku wa manane. Kutoka hapa hadi Kolwezi ni kama kilomita 300, nami nitakwenda Jumamosi itakayofuata.