Mwenye nyama nyekundu juu ya jicho

Jamani, msitu wa Karura hapa Nairobi leo umenilipa!

Ndiyo nimeingia nyumbani, viatu bado vina tope. Nilikuwa na binamu yangu kutoka Kakamega, kule chini kando ya mto. Yeye macho yote kwa kima.

Mimi nikasikia majani yakichezacheza juu yetu.

Ndege mdogo, hata shomoro anamzidi. Mgongo mweusi, tumbo jeupe. Kisha akageuza kichwa.

Juu ya jicho ana kipande cha nyama nyekundu, kama mtu aliyepaka lipstiki mahali si pake. Nyekundu kwelikweli! Nilisahau hata mbu.

Wataalamu humwita Platysteira peltata. Hiyo nyama anayo dume na jike, kwa hivyo tazama kifua. Dume ana koo jeupe na utepe mwembamba mweusi kifuani. Jike koo lote ni jeusi mpaka kifuani.

Wetu alikuwa jike. Akachomoa kiwavi chini ya jani, akakigonga tawini, akameza. Binamu akasema, "Huyu hata supu hatoi." Watu wa kwetu!

Msimtafute chini. Hukaa katikati ya majani, hasa karibu na maji, na mara nyingi huwa wawili.

Na huu ndio msitu Wangari Maathai aliopigwa akiutetea mwaka 1999.

Wa bustani za City Park na Arboretum, huko kwenu yupo? Tupieni picha hapa. Yangu imetoka tawi tupu 😂