Kifungu cha Nne

Barua pepe ya kampuni ile ilikuwa fupi na ya heshima. Walikuwa wameiona mtandaoni picha yangu ya fundi wa kuchomea vyuma, wakaipenda, na sasa walitaka kuiweka kwenye tovuti wanakouzia vifaa vya kujikinga kazini. Malipo yangu yangekuwa kutajwa jina, na watakaoliona jina hilo, waliandika, bila shaka wangenitafuta kwa kazi nyingine. Mwishoni waliomba niwatumie faili halisi siku hiyohiyo.

Niliwatumia nakala ndogo, yenye upana wa pikseli 1,200, ambayo inatosha kutazamwa kwenye skrini lakini ikichapwa kwenye bango inavurugika. Jina langu niliandika kwenye pembe ya picha, kisha nikaliandika tena ndani ya faili, katika sehemu zinazobeba taarifa za mpiga picha na masharti ya matumizi. Taarifa hizo si kinga kamili, kwa kuwa mitandao mingi ya kijamii huzifuta pale picha inapopakiwa, ila anayezikuta hawezi tena kudai kwamba hakujua picha ni ya nani. Faili ghafi, lile linalotoka kwenye kamera kabla picha haijasafishwa, halikutoka mikononi mwangu, maana siku ya ubishi ndilo ambalo mwenye picha huweza kulionyesha na aliyeichukua hawezi.

Nikaomba mkataba. Ulipofika, vifungu vitatu vya mwanzo havikuwa na tatizo. Cha nne kilisema kwamba ninaipa kampuni, pamoja na washirika wake na yeyote itakayemteua, haki ya kutumia, kubadilisha na kugawa picha, duniani kote, daima, kwa njia yoyote iliyopo sasa au itakayobuniwa baadaye. Kwa sentensi hiyo moja picha ingebaki yangu kwa jina tu, kwa sababu mfanyabiashara nisiyemfahamu angeweza kumtumia fundi yule kutangaza bidhaa ambayo si yeye wala mimi tuliyewahi kuiona, nami nisingekuwa na la kusema.

Afisa masoko aliyenipigia simu alikuwa mwungwana. "Kaka, huo ni mkataba wetu wa kawaida, wenzako wote wanausaini," alisema. "Na isitoshe, picha umeiweka mwenyewe hadharani."

Hoja hiyo ya hadharani nimeisikia mara nyingi, hata kwa watu wasomi, na haina msingi. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 kuhusu hakimiliki, ambao leo nchi nyingi za dunia ni wanachama wake, hautaki mtunzi asajili kazi yake popote ndipo alindwe; hakimiliki huanza kazi inapoundwa, na kuionyesha mtandaoni hakuiondoi. Nikamtajia Daniel Morel, mpiga picha wa Haiti aliyeweka kwenye Twitter picha zake za tetemeko la ardhi la mwaka 2010, zikachukuliwa na shirika la habari la AFP na kusambazwa na kampuni ya kuuza picha ya Getty Images. Mwaka 2013 jopo la mahakama mjini New York liliamua alipwe dola milioni 1.2.

"Lakini sisi si AFP, kaka."

"Ndiyo maana ninakutajia mapema, dada."

Tulikubaliana wakitazame upya kifungu hicho. Wakati huo mimi nilikwenda kwa fundi mwenyewe, kwa sababu hakimiliki ilikuwa yangu lakini uso ulikuwa wake. Alikuwa ameniruhusu kwa mdomo kumpiga picha, na ruhusa ya kupigwa picha si ruhusa ya kuwekwa kwenye tangazo la biashara. Ziko nchi nyingi ambazo mtu hutakiwa kuridhia jambo hilo waziwazi. Nilimweleza yote, pamoja na fungu lake katika malipo niliyokusudia kudai. Akauliza swali ambalo mimi na kampuni yote hatukuwa tumelifikiria: "Wataandika kwamba mimi natumia vifaa vyao? Maana kinyago nilichovaa pale si chao." Hapo ndipo kilipozaliwa kifungu kipya, kwamba picha isiambatanishwe na maneno yoyote yanayoonyesha kwamba aliyemo ndani anaisifia bidhaa. Naamini ndicho kifungu bora katika mkataba ule, na hakukitunga mwanasheria. Fundi alitia saini ridhaa yake baada ya kukiona kimeandikwa.

Majadiliano yakiwa bado yanaendelea, niliipitisha ile nakala ndogo kwenye huduma ya kutafuta kwa picha, kama ninavyofanya kwa kila picha ninayoituma nje. Ikaonekana kwenye ukurasa wa wakala mmoja wa kampuni hiyo, pembe yenye jina langu imekatwa. Nilihifadhi picha za skrini zinazoonyesha anwani ya ukurasa na tarehe, nikazituma kwa afisa masoko bila neno kali hata moja. Alijibu kwamba wakala alipewa "kwa majaribio tu". Picha iliondolewa siku hiyo, na tangu hapo hakuna aliyekitetea tena kifungu cha nne.

Kilichoandikwa badala yake kilikuwa kirefu zaidi lakini chembamba: miezi 12, tovuti moja na kurasa za kampuni hiyo kwenye mitandao ya kijamii, ruhusa ya kupunguza kingo bila kugusa jina, malipo kabla ya faili. Afisa masoko aliomba angalau neno "mawakala" liwemo. Nilikubali kwa sharti kwamba kila wakala aandikwe kwa jina kwenye kiambatisho na alipiwe kivyake. Kiambatisho kilirudi kikiwa na jina la wakala mmoja, yuleyule.